Juzuu la Saba

Mvua za Juni zikiushika mji wa Tsuyama, wateja hawaji.
Nywele haziachi kuota,
ila wenye vichwa wanangoja jua.
Basi mimi, Tokuji, kinyozi wa nyuma ya stesheni,
miaka sitini na minane, miwani shingoni kwa kamba ya kiatu,
nimekaa kwenye benchi la wateja
nasoma katuni za watoto wa shule.

Juzuu kumi na moja. Ziliachwa hapa
na mwanafunzi aliyehamia Osaka miaka sita iliyopita:
"Mzee, wape wanaongoja."
Anayengoja, kumbe, ni mimi.

Kijana wa kitabuni anaitwa Itsuki.
Ana miaka kumi na mitano, na shati la shule
lisilowahi kukaa sawa kolani.
Anaona mizimu. Basi.
Hana upanga, hana kisasi, hakuna anayepasuliwa.
Na mizimu wenyewe ni wa hali ya chini:
mmoja huhesabu miavuli iliyosahauliwa kwenye treni,
kila jioni hesabu inampotea, anarudi kwenye moja.
Mwingine alikuwa wa kisima. Kisima kikafunikwa kwa saruji.
Siku hizi anaishi ndani ya mashine ya kuuzia soda
mbele ya duka la dawa,
na ule mwanga unamtia haya.

Itsuki hamfukuzi mtu.
Anachuchumaa, anauliza, "Umekula?"
Kisha kurasa tatu nzima bila neno,
mvua tu, imechorwa kwa mistari myembamba
kama nywele za mtoto zilizoangukia shuka la kunyolea.
Nimekata nywele miaka arobaini na minne, mstari naujua.
Mkono uliochora mvua ile ulikuwa umeshiba usingizi.
Wanasema kimya kingi kina mshindo.
Kimya cha kitabu hiki kina chai.

Lakini juzuu la saba halipo.
Mwisho wa la sita mzimu wa kisima anauliza:
"Wakinisahau wote niliowanywesha,
mimi bado ni kisima?"
La nane linafunguka, anacheka,
na hakuna anayenieleza kwa nini.
Nimepekua chini ya taulo, nyuma ya kioo,
hata kwenye droo ya Fumie, kando ya kiti cha pili,
ambayo nilikuwa nimeapa kutoifungua.
Mikasi yake. Pipi za limau, zimegandana.

Jana akaja Sayo, binti wa muuza tofu,
koti la mvua linachuruzika, kitu kimefichwa kifuani.
"Niliazima nikiwa darasa la nne," alisema akitazama viatu vyake.
"Mama Fumie aliniambia nisiharakishe.
Halafu akafa, nikaona aibu kukirudisha."
Nikamkata nywele za usoni bure. Zikaenda upande kidogo.
Hakulalamika.

Ndani ya kitabu, ukurasa wa tisini na mbili, risiti ya taulo:
hesabu za mke wangu, zimepungua yeni kumi
kama zilivyopungua maisha yake yote.
Kumbe alikuwa akizisoma. Hakunidokeza.
Ni pale Itsuki anaponunua chupa ya maji
kutoka kwenye mashine ile ile,
anaimimina polepole juu ya saruji,
na saruji, kwa picha moja tu, inakuwa nyeusi.
Hakuna jibu lingine.
Fumie aliishia hapo. Sijui kama alichoka
au ilimtosha.

Mimi sioni kitu. Nimejaribu:
nimezima taa, nimekodolea kiti cha pili hadi macho yakatoa machozi.
Kiti ni kiti.
Ila leo asubuhi nikifagia, kabla ya kukisogeza,
nilisikia mdomo wangu ukisema, "Samahani kidogo."

Kengele ya mlango inalia.
Bwana mmoja, kola imelowa, anataka kupunguza pembeni.
"Keti," namwambia, "karibu sana.
Nimebakiza kurasa nne."